Zinki ya Bati na Zinki ya Figo: Somo Nililolipata Vingunguti

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia mama yangu mdogo Vingunguti, mtaa ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya machinjio na supu yake. Mama mdogo anaishi na kisukari, mwaka wa tisa sasa. Nilipomaliza kumwamkia, hata maji sijanywa, akatoa kopo jeupe kabatini.

“Mwanangu, wewe si ndo unasoma mambo ya dawa? Hebu nisomee hapa. Eti hii inalinda figo?”

Vilikuwa vidonge vya zinki, miligramu 50 kila kimoja. Ameambiwa ameze viwili kwa siku. Kopo moja shilingi 60,000. Dada aliyemuuzia, anayepita nyumba kwa nyumba na virutubisho, alimweleza kwa mfano ambao nakiri ni mzuri. Alimwonyesha paa. “Unaona bati lako, mama? Limepakwa zinki, ndo maana halishiki kutu. Sukari ni kutu ya figo. Ukimeza zinki, figo zako nazo zinapakwa.”

Nikamuuliza, “Na losatani uliyoandikiwa kliniki, mama mdogo, unaendelea nayo?”

“Ile nimepumzika kwanza. Hela ya kununua vyote viwili ningeitoa wapi?”

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kueleweka. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba zinki ina uhusiano na kisukari, nikajibu mtihani, nikafaulu, nikasahau. Sasa swali lilikuwa mbele yangu, na anayeuliza ni mtu aliyenilea. Niliporudi chuoni nilikaa nalo wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa sababu nina uhakika makopo kama lile yapo kwenye nyumba nyingi tunakotoka.

Figo inaharibikaje?

Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Kazi yake ni kupitisha maji na taka, huku chembe za damu na protini zikibaki ndani. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mambo matatu hutokea pamoja. Kwanza, msukumo wa damu ndani ya vichujio hupanda, yaani figo inafanya kazi kupita kiasi. Pili, sukari hujishikiza kwenye protini za kuta za vichujio, kuta zikawa nene na ngumu. Tatu, seli huzalisha kwa wingi molekuli korofi za oksijeni, ambazo huunguza kila kilicho karibu.

Mwisho wake kichujio kinatoboka, kwa lugha rahisi. Albumini, ambayo ni protini kuu ya damu, inaanza kupita kwenda kwenye mkojo. Mwanzo ni kidogo: miligramu 30 hadi 300 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo. Baadaye inazidi 300. Kisha kasi ya kuchuja inashuka, na ikifika chini ya mililita 15 kwa dakika tunasema figo zimeshindwa. Hapo kinachobaki ni kusafisha damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, jambo la kujivunia, lakini sote tunajua si kila mtu wa Vingunguti anaweza kufika huko.

Kati ya watu wenye kisukari, asilimia 30 hadi 40 hupata ugonjwa huu wa figo. Na katika hatua za mwanzo hauumi. Hakuna homa, na mkojo unaweza kuonekana wa kawaida kabisa. Mtu anaendelea kuuza vitumbua vyake kama kawaida huku vichujio vinaisha.

Zinki imeingiaje kwenye kisukari?

Hapa muuzaji hakudanganya. Uhusiano upo, tena wa zamani. Insulini ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, mwaka 1922. Mwaka 1934, katika mji huohuo, mkemia D. A. Scott alionyesha kwamba fuwele za insulini zina zinki ndani yake. Mwaka 1938, yeye na mwenzake A. M. Fisher walipima kongosho za watu waliofariki. Walikuta kongosho za waliokuwa na kisukari zina zinki karibu nusu tu ya ile iliyokuwa kwenye kongosho za wasio na ugonjwa.

Mwaka 1969, Dorothy Hodgkin na wenzake wa Oxford walifichua umbo la insulini. Ilionekana molekuli sita za insulini zimekaa pamoja, zimeshikwa katikati na atomi mbili za zinki. Hivyo ndivyo kongosho linavyoihifadhi insulini kabla ya kuimwaga kwenye damu. Kwa hiyo zinki ni kama kamba inayofunga mzigo ghalani.

Jambo la pili ambalo limeonekana mara nyingi: watu wenye kisukari hupoteza zinki nyingi kwenye mkojo kuliko wengine, na wale ambao figo zimeanza kuharibika mara nyingi wana zinki kidogo kwenye damu. Kwa hiyo dada wa kopo akisema “wagonjwa wa figo wamepungukiwa zinki,” yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Kosa linaanza kwenye sentensi inayofuata.

Mfano wa bati unapokosea

Tuanze na kemia ya paa. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ile ni metali tupu, na inatoa elektroni zake kirahisi kuliko chuma. Mvua na hewa vikija, zinki inaliwa kwanza, chuma kinapona. Inajitoa mhanga.

Zinki iliyo mwilini haiwezi kufanya hivyo. Tunayomeza kwenye kidonge au kwenye nyama si metali tupu. Ni ayoni, ambayo elektroni zake mbili zimeshatoka. Haina tena cha kujitolea. Ndani ya seli haipaki kitu chochote, wala haikai kwenye ukuta wa figo kama rangi.

Inafanya kazi kwa njia nyingine. Kwanza, ni sehemu ya kimeng'enya kinachoituliza ile oksijeni korofi. Kimeng'enya hicho kina shaba na zinki: shaba ndiyo inayopokea na kutoa elektroni, zinki inashikilia umbo. Pili, zinki huiambia seli itengeneze metalothionini, protini ndogo inayokamata metali zenye madhara na kupunguza uharibifu wa oksijeni. Tatu, hutuliza baadhi ya ishara zinazoamsha uvimbe ndani ya seli.

Kwa panya wa maabara hili limeonekana vizuri. Panya wenye kisukari waliopunguziwa zinki figo zao ziliharibika zaidi. Walioongezewa, metalothionini ilipanda kwenye figo na uharibifu ukapungua. Ukisoma mpaka hapo na ukaacha, utatoka mbio kwenda kununua kopo. Mimi nusura niishie hapo.

Kipi kilitangulia?

Kilichonisimamisha ni swali moja: zinki ya damu inasafiri na nani? Jibu ni kwamba sehemu yake kubwa imebebwa na albumini. Sasa rudi kwenye kile kichujio kilichotoboka. Albumini inavuja kwenda kwenye mkojo, na zinki aliyoibeba inaondoka naye. Ongeza na kukojoa mara kwa mara kunakoletwa na sukari, na ongeza hamu ya kula inayopotea figo zikichoka.

Kwa hiyo upungufu wa zinki kwa mgonjwa wa figo unaweza kuwa alama ya uharibifu, si chanzo chake. Ni kama kukuta maji sakafuni baada ya mvua kubwa. Maji yale yanakwambia paa linavuja. Ukiyakausha kwa kitambaa hujaziba tundu.

Sisemi kwamba zinki haina mchango wowote. Inawezekana yote mawili ni kweli: tundu linapoteza zinki, na upungufu wa zinki unaongeza tundu. Lakini kupima damu ya wagonjwa tu hakuwezi kutenganisha hayo mawili. Kinachotenganisha ni jaribio: chukua watu, wagawe bila upendeleo, hawa wape zinki, wale wape kidonge kisicho na dawa, kisha subiri uone.

Majaribio yanasema nini?

Yapo, ila ni madogo. Mfano mmoja ulitoka Iran na kuchapishwa mwaka 2008. Watafiti waliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao albumini imeanza kuonekana kwenye mkojo miligramu 30 za zinki kwa siku kwa miezi 3. Albumini ilishuka kiasi. Ni habari njema, lakini walioshiriki hawakuzidi 50, na miezi 3 haitoshi kujua nani ataishia kwenye mashine.

Linganisha na losatani, ile ambayo mama mdogo “amepumzika.” Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2001 lilichukua wagonjwa 1,513 wenye kisukari cha aina ya pili na figo zilizokwisha athirika, likawafuatilia kwa wastani wa zaidi ya miaka 3. Kwa waliopewa losatani, hatari ya figo kushindwa kabisa ilipungua kwa asilimia 28. Hapa hatuzungumzii namba ya maabara tu. Tunazungumzia watu waliokwepa mashine. Tangu 2019 zimeongezeka dawa nyingine zenye ushahidi wa namna hiyo, kama kanagliflozini na dapagliflozini, ambazo huifanya figo itoe sukari kwenye mkojo na kupunguza ule msukumo ndani ya vichujio.

Na kwa anayefikiri kwamba kirutubisho hakiwezi kudhuru, tuna somo la nyumbani kabisa, kutoka Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifanyika huko majaribio makubwa kwa watoto wadogo. Upande mmoja walipewa madini chuma pamoja na asidi ya foliki, upande mwingine zinki. Kila mtu alijua watoto wengi kisiwani wana upungufu wa damu, kwa hiyo kuwapa madini chuma kulionekana ni jambo lisilo na mjadala. Matokeo yalipotazamwa, waliopata madini chuma walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopata, katika mazingira yale yenye malaria nyingi. Sehemu hiyo ilisimamishwa. Upande wa zinki, kwa watoto zaidi ya 40,000, vifo vilipungua kwa asilimia 7 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati.

Pale watoto walikuwa na upungufu wa kweli, na bado kuujaza hakukuleta kilichotarajiwa. Zinki hiyohiyo, ikitumika mahali pake, inaokoa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mtoto mwenye kuhara apewe zinki pamoja na maji yenye chumvi na sukari, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hapo kwa aliye chini ya miezi 6. Hiyo ni dawa yenye kazi maalumu na muda maalumu. Kuitumia miaka yote kuzuia figo zisife ni kitu kingine.

Kopo la mama mdogo lina kiasi gani?

Mtu mzima anahitaji miligramu 8 za zinki kwa siku akiwa mwanamke, 11 akiwa mwanaume. Kiwango cha juu ambacho hushauriwi kukivuka kila siku ni 40. Mama mdogo alikuwa anameza 100.

Zinki ikizidi kwa muda mrefu inazuia shaba isifyonzwe kwenye utumbo. Shaba ikipungua, damu inapungua, na neva zinaathirika: miguu inakufa ganzi, mtu anayumba akitembea. Sasa fikiria mgonjwa wa kisukari anayelalamika miguu kufa ganzi. Kila mtu atasema ni sukari. Hakuna atakayekumbuka kuuliza kuhusu kopo.

Sahani ya Vingunguti

Baada ya hapo mama mdogo aliniuliza swali zuri: “Kwa hiyo hiyo zinki niipate wapi?”

Nilicheka kidogo, kwa sababu anaishi karibu na machinjio. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina takriban miligramu 4 hadi 6 kwa gramu 100. Korosho zinazouzwa kwenye foleni hazipishani sana na hapo. Karanga zina kama 3. Maharage yaliyoiva yana kama 1, na tena yana fitati, kitu kinachoishika zinki isifyonzwe. Mahindi nayo yana fitati. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake husaidia, na kuchachusha pia, kama tunavyofanya kwenye togwa.

Kuna na udongo wa kula, ambao baadhi ya mama zetu huupenda hasa wakiwa wajawazito. Udongo nao unaweza kuishika zinki tumboni. Kwa kweli sayansi ya upungufu wa zinki kwa binadamu ilianzia hapo: mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika kuhusu vijana wa Iran waliodumaa, mmoja akiwa na miaka 21 lakini anaonekana kama mtoto wa 10. Walikuwa wanakula mikate isiyochachushwa na udongo.

Lakini msininukuu vibaya kwamba mgonjwa wa figo akashinde kwenye supu. Supu ya kibandani ina chumvi nyingi, na chumvi inapandisha presha, na presha ndiyo mshirika mkubwa wa sukari katika kuua figo. Mwenye figo zilizoathirika anashauriwa chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha yote. Protini nayo isizidishwe: takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Kipande cha nyama cha kawaida kinatosha. Figo zikishashuka sana, hata korosho na maharage vinahitaji ushauri kwa sababu ya potasiamu na fosforasi.

Upungufu ulio mkubwa kuliko wa zinki

Katika kusoma kwangu, kilichoniumiza zaidi hakikuhusu zinki kabisa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bugando, Mwanza, kwa watu wazima 369 wanaohudhuria kliniki ya kisukari. Asilimia 83.7 walikuwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, wengi kwa sababu ya albumini kwenye mkojo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anajua. Waliokuwa wameandikiwa tatizo hilo kwenye faili hawakufika 10.

Ni hospitali moja, na namba za sehemu nyingine zinatofautiana kwa sababu wagonjwa na vipimo havifanani. Lakini hilo la kutojua ndilo nililolikuta Vingunguti. Nilimuuliza mama mdogo mkojo wake umepimwa lini kwa ajili ya protini. Alifikiri, akasema, “Walinipima nilipokuwa na mimba ya Hamisi.” Hamisi yuko kidato cha tatu.

Mwongozo uko wazi: mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe albumini ya mkojo na kreatinini ya damu tangu siku anayogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza, kuanzia mwaka wa tano. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo ni rahisi na kinapatikana karibu kila kituo, ila kinaweza kukosa albumini ikiwa bado kidogo. Kwa hiyo kikisema “hakuna,” ulizia kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini panapowezekana.

Tulivyomalizana

Tulikwenda kituo cha afya pamoja Jumatatu yake. Kijiti kilibadilika rangi. Protini ipo. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Daktari alimrudishia losatani, akaagiza kreatinini na potasiamu vipimwe na virudiwe baada ya wiki chache, akamkataza kujinunulia diklofenaki ya mgongo, ambayo nayo alikuwa anaimeza karibu kila wiki na ambayo inaziumiza figo. Kuhusu zinki alisema aache.

Nilipiga hesabu njiani tukirudi. Kopo moja kwa mwezi, miezi minne, ni shilingi 240,000. Miezi hiyohiyo minne figo zake zilikaa bila dawa iliyothibitishwa kuzilinda. Sikumwambia hesabu hiyo. Yeye aliniambia jambo jingine: “Yule dada alikaa hapa saa nzima ananieleza, mwanangu. Kliniki wananipa dakika tatu.”

Hilo nimeliacha kama alivyolisema, kwa sababu linatuhusu. Wengi wetu hapa tutakuwa wauguzi, wafamasia, madaktari, walimu. Mfano wa bati ulimshinda mama mdogo kwa sababu ulikuwa mfano pekee aliowahi kupewa. Hakuna aliyewahi kumweleza losatani inafanya nini ndani ya figo. Ilinichukua dakika kumi na kipande cha chujio la chai, nikamwonyesha tundu likiwa dogo na likiwa kubwa, na msukumo wa maji ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa. Akasema, “Kumbe kile kidonge kinapunguza ule msukumo?” Ndiyo, mama mdogo. Ndicho kinachofanya.

Ukienda nyumbani likizo hii, ukikuta mzee au mama mwenye kisukari, usianze na zinki wala na mlo. Muulize mkojo wake ulipimwa lini.